Lenzi ya Makro: Nenda Dukani na Rula

Neno "Macro" lililochapwa kwenye lenzi lisikubabaishe. Zumu nyingi (lenzi za kuvuta) za milimita 70-300 zinalo, lakini zinaishia nusu ya ukubwa halisi au chini ya hapo. Makro yenyewe ni 1:1, yaani mdudu wa milimita 10 anachukua milimita 10 juu ya sensa, kipande cha ndani ya kamera kinachopokea picha. Kupima ni dakika moja: laza rula mezani, weka fokasi ya mkono, zungusha hadi mwisho wa karibu kabisa, halafu sogeza kamera nzima mbele na nyuma mpaka mistari ikolee. Piga. Kwenye kamera ya fulufremu (sensa kubwa), upana wa picha ukibeba milimita 36 za rula, hiyo ni 1:1. Ukibeba 72, ni nusu. Kwa sensa ya APS-C, iliyo ndogo zaidi, tafuta 22 hadi 24.

Kinachowaponza wengi ni umbali wa karibu kabisa wa kufokasi. "Sentimita 30" ya kwenye boksi hupimwa kutoka kwenye sensa, si kwenye kioo cha mbele. Canon 100mm f/2.8L ikifika 1:1, kati ya kioo na mdudu zinabaki kama sentimita 14 tu, na ukifunga hudi (kinga ya mwanga ya mbele ya lenzi) zinapungua zaidi. Ya 60mm inabakiza kama 9. Hapo kereng'ende wa Pugu ameshakimbia, na asipokimbia, kivuli cha lenzi kimemfunika. Kwa pete na hereni za wateja, 60mm inatosha sana. Za 150 hadi 180 zinakupa nafasi, ila ni nzito na mkono hutikisika. Kwa anayenunua moja tu, 90 hadi 105.

Namba ya f ni tundu la lenzi linalopitisha mwanga: namba ikikua, tundu linabana. Kwenye 1:1, f/8 inakupa kina cha sehemu inayokolea cha takriban milimita 1: jicho la nzi linakolea, mabawa yanafifia. Usikimbilie f/22. Kwa ukaribu huo inafanya kazi kama f/44, na picha nzima inalainika. Baki f/8 hadi f/11, ongeza flashi iliyofunikwa karatasi nyeupe, na fokasi uitafute kwa kuyumbisha mwili taratibu.

Mfuko ukibana, chukua pete za kurefusha, zinazofungwa kati ya kamera na lenzi. Milimita 25 nyuma ya lenzi ya 50mm zinakupa nusu ya ukubwa halisi hata fokasi ikiwa mbali kabisa. Ziwe na miguso ya umeme; la sivyo, kwa lenzi za kisasa, huwezi kubadili f.

Ukinunua mtumba Kariakoo, fungua tundu la f lote, mulika tochi upande mmoja, chungulia upande wa pili. Vumbi kidogo si neno. Nyuzi kama utando wa buibui ni kuvu, na likishakula koti ya kioo (utando mwembamba uliopakwa juu yake), fundi atasafisha lakini alama itabaki. Kwa joto la Dar, hata lenzi safi ikae kwenye deli lenye mfuniko wa kubana na silika jeli (vipakiti vya kufyonza unyevu), unyevu asilimia 40 hadi 50. Ukitoka chumba cha AC, iache ndani ya begi lililofungwa zipu nusu saa kwanza, isije ikatoa jasho.