Maswali na Majibu: Chembe za nano kwenye vanishi za maji na vilainishi

Swali: Nilitia unga wa oksidi ya zinki wenye chembe za nanomita 30 kwenye vanishi ya akriliki ya maji ili kuikinga mbao na jua. Niliukoroga kwa drili nusu saa nzima. Vanishi imepata ukungu mweupe, na kesho yake kulikuwa na tope chini ya ndoo. Je, nimeuziwa unga mbovu?

Jibu: Unga huenda ni mzima kabisa. Chembe ndogo kiasi hicho, zikiwa kavu, hushikana na kuwa mabonge ya maikromita kadhaa, na drili haina nguvu ya kuyavunja. Kazi hiyo hufanywa na kinu cha shanga za zirkonia au mtambo wa mawimbi ya ultrasoniki. Ukungu unaouona ni mwanga unaotawanywa na mabonge, kwa sababu oksidi ya zinki hupinda mwanga zaidi kuliko akriliki (kipimo cha kupinda mwanga ni takriban 2.0 dhidi ya 1.5). Tope ni mabonge yaleyale yaliyozama. Ukizidisha muda wa kukoroga utapata povu tu.

Nunua oksidi iliyokwisha kusambazwa kwenye maji. Kipimo chake hukokotolewa kwa uzito mkavu wa vanishi, si kwa uzito wa ndoo. Kilo 10 za vanishi yenye asilimia 40 ya yabisi zina kilo 4 kavu. Asilimia 1 ya hizo ni gramu 40 za oksidi. Mchanganyiko wenye oksidi asilimia 40 utaupima gramu 100. Uchanganye kwanza na maji safi yasiyo na madini, ya uzito uleule, kisha umimine polepole huku kasia likizunguka bila kuvuta hewa.

Hapa ndipo wengi hukwama: oksidi ya zinki hupoteza chaji yake ya umeme, inayofanya chembe zisukumane, karibu na pH 9 (pH ni kipimo cha asidi na alkali), na vanishi nyingi za maji zimewekwa kati ya 8 na 9. Chaji ikikosekana, kinachozitenga chembe ni kisambazishi cha polima (kemikali inayozifunika zisishikane) peke yake, kwa hiyo usinunue mchanganyiko usiotaja kisambazishi. Isitoshe, sehemu ya zinki huyeyuka na kufunga vikundi vya asidi vya akriliki, na vanishi iliyotoka vizuri leo inaweza kuwa nzito baada ya wiki chache. Weka chupa moja kwenye nyuzi 50 za Selsiasi kwa siku 7, upime mnato kabla na baada. Mnato ukipanda sana, resini hiyo (akriliki inayounda vanishi) na zinki haviendani.

Usitarajie muujiza, lakini. Oksidi hii huzuia mionzi ya urujuanimno hadi karibu nanomita 370, ila mwanga wa kawaida hupita, nao pia hubadilisha rangi ya mbao. Tabaka moja jembamba halitoshi. Na ukishawishiwa kutumia oksidi ya titani, kataa aina ya anatasi isiyofunikwa: ikipigwa na jua huila resini yenyewe.

Swali: Silika ya koloidi (chembe ndogo za silika zinazoelea majini) imegandisha rangi yangu ya chuma kama jeli. Naweza kuiokoa?

Jibu: Huwezi. Silika ya kawaida hutulia kwenye pH 9 hadi 10, lakini huganda haraka kati ya 5 na 7. Chumvi huleta balaa hilohilo, hata ile ya nitriti inayotiwa kuzuia kutu ya haraka. Ndoo ijayo, pandisha kwanza pH ya rangi hadi 9 kwa amonia iliyozimuliwa, tia silika, na chumvi ya kuzuia kutu iwe ya mwisho na kidogo. Silika iliyowahi kuganda kwa baridi itupe.

Swali: Tunashauriwa kutia disalfaidi ya molibdeni ya nano kwenye kulanti (kimiminika cha kupoza na kulainisha) ya mashine za kukereza. Ina faida?

Jibu: Kwenye tangi linalozungusha kulanti ileile, hatuipendekezi. Ina msongamano wa karibu 5, kwa hiyo mashine ikilala mwisho wa wiki nayo inalala chini. Mabonge yake hunaswa na vichujio au huondoka na chipsi, nawe huna njia rahisi ya kujua kilichobaki. Maji magumu huongeza tatizo: kalsiamu hupunguza msukumano kati ya chembe, na matone ya mafuta nayo huanza kuungana.

Chembe hizi hufaa zaidi kwenye unyunyizaji wa kiasi kidogo, ambako kilainishi hutumika mara moja tu. Anzia asilimia 0.1 ya uzito, usivuke 0.5 bila kupima uchakavu wa ncha ya kifaa cha kukatia, kwani zikizidi huungana na kukwaruza. Kabla ya yote, changanya lita moja kwa maji mnayoyatumia kiwandani, iache saa 48 kwenye chupa angavu. Ukiona malai juu au mchanga chini, isiingie kwenye mashine.

Atakayepima unga mkavu avae barakoa ya chembe inayobana uso, si ya kitambaa, na asipulize benchi kwa kompresa. Afute kwa kitambaa chenye maji.