Umeugua malaria mara kumi na bado unaugua: kimelea hubadilisha kinyago

Mtu aliyezaliwa huku kusini mwa Tanzania, Tandahimba au Nachingwea, ameugua malaria tangu utotoni, na mvua zikianza anaugua tena. Surua akiipata mara moja, kwa kawaida hairudi. Malaria hairidhiki na mara moja, na sababu iko ndani ya jeni za kimelea. Ukiielewa, maagizo mengi ya zahanati yanayochosha wagonjwa yanapata maana.

Kimelea kinachotuua zaidi ni Plasmodium falciparum. Kikiingia kwenye chembe nyekundu ya damu hukaa humo saa 48, kisha chembe hupasuka na kutoa vimelea vipya takribani 16 hadi 32. Adui yake mkubwa ni bandama, inayochuja damu na kuziondoa chembe zilizoharibika. Ili kisipite huko, kimelea hutengeneza protini iitwayo PfEMP1 na kuitokeza nje ya chembe, juu ya vinundu vidogo. Kwa protini hiyo chembe hunata kwenye kuta za mishipa midogo ya damu. Lakini kilicho nje huonekana: kinga ya mwili huitambua protini hiyo na kutengeneza kingamwili za kuishambulia.

Hapo ndipo penye ujanja. Kimelea kimoja kina jeni takribani 60 za kutengeneza protini hii, familia iitwayo var, na kila jeni hutoa umbo lake. Kwa wakati mmoja hutumika jeni moja tu. Nyingine zimefungwa, uzi wa DNA umekazwa zisisomeke. Ni kama mapiko, ngoma ya vinyago ya Wamakonde: vinyago ni vingi, lakini mchezaji huingia uwanjani na kimoja. Katika kila kizazi, vimelea vichache hufunga jeni ya zamani na kufungua nyingine. Wengi hudhani kimelea "kinaona" kinga ndipo kibadilike. Sivyo. Mabadiliko hutokea hata pasipo kingamwili. Kingamwili huondoa wale wengi wenye kinyago cha zamani, na vile vichache vyenye kipya huongezeka bila kizuizi. Maambukizi yasiyotibiwa huweza kukaa mwilini miezi mingi kwa njia hii, mara yamepanda, mara yameshuka. Tena kimelea atakachokuletea mbu wa kesho kinaweza kuwa na sanduku jingine kabisa la vinyago.

Kwa hiyo ukiwa na homa, pima. Mtu mzima wa huku anaweza kubeba vimelea bila kuumwa, na homa yake ikawa ya ugonjwa mwingine. Kumbuka pia kwamba katika nusu ya pili ya zile saa 48 chembe zimenata mishipani, hazizunguki. Damu ya kidole huonyesha zaidi vimelea vichanga, hivyo darubini inaweza kuonyesha vichache ilhali mwilini ni vingi. Mgonjwa mwenye dalili kali ambaye kipimo chake hakikuona kitu apimwe tena baada ya saa 12 hadi 24. Kipimo cha haraka nacho husoma protini nyingine, inayoweza kubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya kupona. Homa ikirudi ndani ya siku 28 tangu umalize dawa, omba darubini.

Dawa mseto ya malaria (ALu) ni dozi sita kwa siku tatu. Mwenye kilo 35 na zaidi humeza vidonge vinne kila dozi, jumla 24. Ukianza saa 2 asubuhi, dozi ya pili ni saa 10 jioni, na kesho na keshokutwa ni asubuhi na jioni. Kula kitu chenye mafuta: karanga, korosho, mchuzi wa nazi. Bila mafuta dawa hufyonzwa kidogo. Ukitapika ndani ya nusu saa, rudia dozi nzima. Homa hushuka kabla vimelea havijaisha, na wanaoacha siku ya pili huviachia mbegu.

Vinyago vingine hunata kwenye mishipa ya ubongo. Mtoto mwenye homa akipata degedege, mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, mkimbize kituo cha afya saa hiyo hiyo. Kumpeleka kwanza kwa mganga ni kupoteza saa ambazo ubongo wake hauna.

Kinyago kinachostahili kujulikana na kila mama ni VAR2CSA, kinachonata kwenye kondo la nyuma. Mwanamke ambaye hajawahi kubeba mimba hakuwa na kondo, kwa hiyo kinga yake haijawahi kukutana nacho. Ndiyo maana mimba ya kwanza ina hatari kubwa, hata kwa aliyeishi Lindi maisha yote. Kondo linaweza kujaa vimelea na damu ya kidole isionyeshe chochote, huku mtoto akikosa lishe na kuzaliwa na uzito mdogo. SP, dawa ya kumkinga mjamzito na malaria, hutolewa kliniki hata ukijisikia mzima: vidonge vitatu kwa pamoja, kuanzia wiki ya 13, kila mwezi hadi kujifungua, dozi zisipungue tatu. Asidi ya foliki ya miligramu 5 kwa siku hudhoofisha SP. Inayotakiwa ni ya miligramu 0.4. Mama anayetumia kotrimoksazoli kwa sababu ya VVU hapewi SP.

Aliyeishi Njombe au Ulaya miaka kadhaa naye ajue kwamba kinga yake imepungua, kwa kuwa ilijengwa kinyago kwa kinyago na huhitaji kukumbushwa. Akirudi kijijini msimu wa korosho alale ndani ya chandarua chenye dawa tangu usiku wa kwanza, na homa ikimpata apimwe siku hiyo hiyo, asisubiri kwa kuwa eti ni mwenyeji.