Wafanyakazi Wana Vyeti vya Afya, Mafunzo ya Nini Tena?

SWALI: Nina mgahawa mdogo mjini Morogoro wenye wafanyakazi wanne, na wote wamepimwa afya wakapewa vyeti. Mwezi uliopita afisa afya alikuja kukagua, akakuta mezani sufuria ya wali wa jana yake jioni, ikiwa imefunikwa vizuri. Aliamuru wali umwagwe, kisha akaniagiza niwapeleke wafanyakazi kwenye mafunzo ya usalama wa chakula. Wali haukuwa umechacha, na ningeupasha moto hadi utoe mvuke. Je, hakunionea?

JIBU: Kwa wali ule, hakukuonea. Cheti cha afya hueleza hali ya mfanyakazi siku aliyopimwa, kwa mfano kwamba hakukutwa na vimelea vya homa ya matumbo. Hakisemi lolote kuhusu namna anavyopoza chakula.

Mchele mara nyingi hufika jikoni ukiwa na bakteria aitwaye Bacillus cereus, ambaye hujificha ndani ya vijimbegu vigumu visivyokufa kwa kuchemshwa. Wali unapokaa vuguvugu kwa saa nyingi, vijimbegu hivyo huamka, bakteria huongezeka na kutoa sumu inayomtapisha mlaji saa chache tu baada ya kula. Kuupasha moto hakusaidii, kwa kuwa sumu hiyo haiharibiwi na moto wa jikoni, wala pua haiwezi kuitambua. Na mfuniko uliodhani unakulinda ndio uliotunza lile vuguvugu. (Najua wengi wetu tumekua kwa kiporo na chai ya asubuhi, nami nimo, lakini sufuria ya mgahawa ni kubwa zaidi, hupoa polepole na hulisha watu wengi.)

Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba chakula kilichopikwa kisiachwe nje kwa zaidi ya saa 2: ama kibaki na joto la zaidi ya nyuzi 60 za Selsiasi hadi kiliwe, ama kipozwe haraka na kuwekwa kwenye friji chini ya nyuzi 5. Wali unaobaki usambaze kwenye sinia pana, kwa tabaka jembamba, ndipo uuingize kwenye friji. Kama friji yako ni ndogo, pika kidogo kidogo.

Mwombe afisa akuandikie aliyoyaona, pamoja na muda aliokupa wa kurekebisha. Kwenye mafunzo nawe uende, maana anayeamua jioni zipikwe kilo ngapi si mpishi.