Nguvu na ubora wa mawimbi si kitu kimoja

Ndugu, umeuliza kwa nini king'amuzi kinaonyesha nguvu 90% na picha bado inagandaganda. Nguvu ni wingi wa mawimbi yanayofika kwenye king'amuzi kupitia antena. Ubora ni usafi wa mawimbi hayo, yaani king'amuzi kinaweza kuisoma data bila makosa mengi? Mawimbi yakigonga ghorofa la jirani na kurudi, nguvu yaweza kubaki juu huku ubora ukiporomoka. Enzi za analojia tungeona chenga au picha yenye kivuli tu, tukaendelea na mpira wetu. Dijitali haina huruma: makosa yakizidi uwezo wa king'amuzi kuyasahihisha, picha inakatika vipande au inapotea kabisa. Ukipanda kugeuza antena, mwenye rimoti akusomee ubora, si nguvu. Na kagua waya. Kiungio chenye kutu ndicho mchawi wa nyumba nyingi.