Wakisema "Labda", Tega Sikio

Haya nakuandikia wewe uliyekabidhiwa timu kwa mara ya kwanza.

Nilipoanza usimamizi sikukosa daftari kikaoni, na nilijihesabu kuwa msikivu. Siku moja kijana wa hesabu, mdogo kuliko wote mezani, alisema, "Sijui kama ni muhimu, lakini naona kama mteja hakuielewa vizuri ile ratiba." Nikamjibu papo hapo kwamba hilo tulishalimaliza, tukaendelea na ajenda. Wiki tatu baadaye mteja aliikataa kazi yote, na sababu ilikuwa ile ile ratiba. Nilifungua daftari nitafute maneno ya yule kijana, sikuyaona. Ukurasa mzima ulikuwa hoja zangu, zile nilizokuwa nikizipanga wakati wenzangu wanazungumza.

Natamani mtu angeniambia mapema kwamba walio chini yako hawakuletei habari mbaya ikiwa uchi. Wanaivisha "labda", "nadhani", "samahani kama nimekosea". Hata uwe mpole kiasi gani, wewe ndiye unayejaza tathmini zao, na hawasahau. Kila unapopanda cheo, maneno yanakufikia yakiwa yamepunguzwa makali zaidi. Ndiyo maana sentensi moja ya kusitasita kutoka kwa mtu mkimya naipa uzito kuliko maelezo marefu ya mzungumzaji hodari.

Tazama yaliyotokea katika uwanja wa ndege wa Tenerife, kisiwa cha Hispania, tarehe 27 Machi 1977. Ndege mbili aina ya Boeing 747, moja ya KLM, shirika la ndege la Uholanzi, na nyingine ya Pan Am, shirika la Marekani, zilikuwa kwenye njia moja ya kurukia, katika ukungu mzito. Rubani mkuu wa KLM, mtu mwenye uzoefu mkubwa na heshima kazini, alikwisha kuanza kuruka bila kibali. Mhandisi wa ndege, aliyekuwa amesikia mazungumzo ya redio, aliuliza kama ile ya Pan Am haijaondoka njiani. Rubani akajibu kwa mkazo kwamba imeondoka. Sekunde chache baadaye ndege ziligongana, wakafa watu 583. Kulikuwa na sababu nyingine pia, zikiwemo mawasiliano ya redio yaliyoingiliana, lakini mimi hubaki na lile swali. Onyo lilitamkwa, tena kwa wakati, ila lilikuja katika sura ya swali la mtu wa cheo cha chini. Ajali ile ilichangia kuzaliwa kwa mafunzo yanayowataka marubani wakuu wasikilize wenzao, na wenzao waseme bila woga.

Usafiri wa anga una desturi nyingine ambayo nakusihi uiazime. Rubani akipewa maelekezo na mwongoza ndege, huyarudia kwa sauti ili kosa lionekane kabla halijaleta madhara. Nawe fanya hivyo. Kabla hujajibu, sema: "Nimekuelewa hivi: unahofu mteja anatarajia kazi mwezi mmoja kabla ya tarehe yetu. Ndivyo?" Mara nyingi utasikia, "Siyo hasa." Hiyo "siyo hasa" ina thamani kubwa, kwa sababu bila kurudia ungetoka pale na uamuzi uliojengwa juu ya jambo ambalo hakuna aliyelisema. Mwanzoni utajisikia kama unaigiza. Vumilia, baada ya muda inazoeleka. Kwa mteja ni vivyo hivyo: mrudie maombi yake kwa maneno yako kabla ya kumtajia bei.

Halafu jifunze kunyamaza. Mtafiti wa elimu Mary Budd Rowe, aliyechunguza madarasa nchini Marekani, alikuta walimu wakiuliza swali husubiri kama sekunde 1 tu kabla ya kuendelea. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka, na wanafunzi waliodhaniwa wazito wakaanza kuchangia. Kikaoni ni vile vile. Ukiuliza "Kuna mwenye wasiwasi?" huku unakusanya karatasi zako, umeshajibiwa. Uliza, "Ni kitu gani kinaweza kutukwamisha?" kisha hesabu kimoyomoyo hadi tano. Ukimya ule utakuchoma, lakini usiujaze kwa maneno yako. Na maoni yako yaweke mwisho, maana bosi akishasema, wengi hubaki kuunga mkono.

Kumtazama mtu usoni na kutikisa kichwa sitakueleza sana. Mtu hutambua upesi kichwa kinachotikiswa bure. Simu, hata hivyo, iweke mbali.

Kazi kubwa ipo baada ya kikao. Mtu akikuletea jambo, mrudie ndani ya siku chache umweleze ulichofanya. Kama hukukubaliana naye, mwambie hivyo na umpe sababu. Mtu anaweza kustahimili kukataliwa. Akikosa jibu mara mbili tatu, hakuletei tena, na wewe utadhani kila kitu ni shwari.

Yule kijana wa hesabu nilimwomba radhi mbele ya timu nzima. Ilipita miezi kadhaa kabla sijamsikia tena akisema "naona kama" kikaoni. Siku hiyo niliandika maneno yake jinsi alivyoyatamka, kisha nikamwuliza ameona nini hasa.