Dola 30,000 kwa mwaka, halafu maskini?

Swali: Binamu yangu anaishi Ohio, Marekani, na mkewe na watoto wawili. Mwaka 2023 waliingiza dola 30,000 kabla ya kodi, na anadai serikali inawahesabu kuwa maskini. Huku si angejenga ghorofa? Wanapimaje?

Jibu: Binamu yako hakudanganyi. Mwaka huo kiwango rasmi kwa wazazi wawili wenye watoto wawili kilikuwa dola 30,900. Wamepungukiwa dola 900, basi wote wanne wanaingia kwenye takwimu za umaskini.

Kiwango chenyewe ni cha zamani. Mapema miaka ya 1960, Mollie Orshansky wa idara ya hifadhi ya jamii alichukua gharama ya mlo wa bei ya chini kabisa uliopangwa na Wizara ya Kilimo, akaizidisha mara tatu, kwa sababu utafiti wa 1955 ulionyesha kuwa chakula kilikula theluthi hivi ya mapato ya familia. Tangu hapo hupandishwa tu kufuata mfumuko wa bei. Siku hizi kinachomaliza mshahara ni pango, lakini kiwango ni kilekile Ohio na San Francisco. Mimi naona hapo pamepitwa na wakati.

Kasoro kubwa zaidi iko kwenye kinachohesabiwa: fedha taslimu kabla ya kodi, basi. Msaada wa chakula, ruzuku ya nyumba na nafuu za kodi haviingii. Ndiyo maana tangu 2011 hutolewa pia kipimo cha nyongeza, kinachojumlisha misaada hiyo, kuondoa kodi na gharama za matibabu, na kuangalia pango la kila eneo. Mwaka 2021 serikali iliongeza nafuu ya kodi kwa wenye watoto. Kwa kipimo hicho cha nyongeza umaskini wa watoto mwaka huo ulikuwa asilimia 5.2; mwaka uliofuata, nafuu hiyo ilipokoma kuongezwa, ukaruka hadi 12.4. Kipimo rasmi? Kilitoka 15.3 hadi 15.0, kana kwamba hakuna kilichotokea.

Ulaya wana njia nyingine: wapange watu wote kwa mapato, mtazame aliye katikati kabisa; aliye chini ya asilimia 60 ya mapato ya huyo wa katikati yumo hatarini kuwa maskini.

Kuhusu ghorofa: usibadilishe dola zake kwa bei ya benki, maana anazitumia kwa bei za Ohio. Hata kiwango cha umaskini uliokithiri cha Benki ya Dunia, dola 3 kwa siku, kilichotangazwa 2025, hurekebishwa kwa tofauti za bei kati ya nchi.

Na kama ni raia na anafikiria kumwombea mama yake kibali cha kuishi Marekani, asitumie 30,900. Uhamiaji huangalia kama mapato yanafikia asilimia 125 ya mwongozo wa umaskini wa Wizara ya Afya, ambao hutolewa kila mwaka, na mama naye huhesabiwa ndani ya kaya.