Barua kwa mwanangu nahodha, kuhusu kipa aliyeacha kuja mazoezini

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka hapa nyumbani Jericho. Mama yako hajambo, na anauliza kama lile koti la mvua ulilolisahau unalihitaji wiki hii.

Jumapili iliyopita, ulipokuwa ukivua njumu zenye matope pale mlangoni, uliniuliza swali ambalo sikulijibu. Timu yenu ilikuwa imefungwa mechi ya saba mfululizo, waliofika mazoezini Alhamisi walikuwa tisa tu, kipa alikuwa hapokei simu, nawe ukasema: "Baba, nitawatiaje moyo watu wanaoniona mimi mwenyewe sina cha kuwapa? Au nimrudishie kocha kitambaa cha unahodha, apewe mwingine?" Nilikuambia ule kwanza. Ukala, ukaondoka kurudi Kangemi kabla mvua haijashika, nami nikabaki na swali lako usiku kucha. Nimeamua kukuandikia kwa sababu jibu lake limefungamana na jambo ambalo sijawahi kukusimulia.

Unajua kwamba mwaka 1991 nilikuwa nahodha wa timu ya mtaa huku Eastlands. Nimekusimulia mara nyingi mechi tulizoshinda, lakini sijakueleza jinsi timu ile ilivyovunjika mikononi mwangu. Katikati ya msimu tulikuwa tumefungwa mechi tano. Ya sita ilikuwa inaelekea kuwa sare ya bila kwa bila, na katika dakika ya mwisho ikaja krosi ya kawaida kutoka upande wa kulia. Kipa wetu, kijana wa miaka kumi na tisa, akaurukia mpira vizuri, akaugusa, ukamponyoka na kumwangukia straika wao miguuni. Filimbi ilipolia nilimwendea hata kabla wapinzani hawajatoka uwanjani, nikamuuliza mbele ya watu wote kama mikono yake ilikuwa imepakwa mafuta. Wachache wakacheka. Kijana yule hakunijibu neno. Alivua glavu, akazilaza kwenye nyasi moja kando ya nyingine, kwa utaratibu, kama mtu anayeweka vyombo mezani, kisha akatembea peku hadi barabarani. Sikumwona tena kwenye uwanja wowote wa mpira. Glavu zake zilibaki ndani ya mfuko wa jezi hadi mwisho wa msimu, zikakauka zikawa ngumu kama ngozi ya samaki, na hakuna aliyekubali kuzivaa.

Wiki iliyofuata mabeki wawili hawakuja mazoezini. Nilisema ni wavivu. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba wale vijana walikuwa wameona kwa macho yao kitakachompata kila mmoja wao siku atakayokosea, na mchezaji aliyekwisha kuona hivyo hubadilika hata asipotaka. Beki anayemwogopa nahodha wake hauendei mpira mgumu, anaungoja umfikie mwenzake. Kiungo hataki kupewa pasi akiwa amebanwa, kwa hiyo anajificha nyuma ya mpinzani na kujifanya hajaonekana. Ukitazama kutoka kando ya uwanja utasema watu hawa hawana bidii, kumbe ni woga. Mechi tatu kabla ya msimu kwisha, tulikuwa tumeshashuka daraja.

Kwa hiyo, mwanangu, kabla ya kutafuta maneno ya kuwatia watu moyo, nenda kwa kipa wako. Usimpigie simu tena. Fika nyumbani kwake, ukae, uulize habari za watu wa pale, na ikiwezekana usitaje mpira hadi yeye mwenyewe autaje. Sikujua, na hukuniambia, kama kuna mtu aliyemsema vibaya baada ya yale mabao manne mliyofungwa. Ikiwa ni wewe, muombe radhi, kisha uirudie radhi hiyo mbele ya wale walioyasikia maneno yako, kwa maana aibu iliyotiwa hadharani haiondolewi chumbani. Ikiwa ni mwingine, ni kazi yako kuzungumza na huyo mwingine. Mimi sikumfuata kijana wangu. Nilingoja arudi mwenyewe, nikidhani heshima ya nahodha inataka hivyo.

Jambo la pili ni hili: umesema wachezaji hawana moyo, lakini hukuniambia umejuaje. Tulikuwa na winga wa kushoto aliyechelewa mazoezini kila mara, nami nikamtoza faini ya shilingi ishirini ili wengine wajifunze. Alilipa bila kulalamika. Baadaye sana nilikuja kufahamu kwamba alikuwa akifanya kibarua katika kiwanda kimoja huko Viwandani, akitoka anatembea kwa miguu hadi kwetu akiwa na njumu zake ndani ya karatasi ya plastiki, na kwamba zile shilingi ishirini zilikuwa chakula chake cha jioni. Anayekuja kwa miguu akiwa na njaa, akatozwa faini, na siku ya pili akaja tena, huyo alikuwa na moyo mkubwa kuliko wangu mimi niliyekuwa nakaa hatua chache kutoka uwanjani.

Waulize watu wako mmoja mmoja, kila mtu peke yake, kwa sababu mwanamume hatasema mbele ya wenzake kwamba hana nauli. Najua mazoezi yenu ya Alhamisi huanza saa kumi. Wanaofanya kazi ya mjengo huachiwa saa kumi na moja au baadaye, na mvua ikinyesha unajua mwenyewe jinsi nauli ya matatu inavyopanda hapa Nairobi, tena pasipo aliyeonywa. Yawezekana timu yako imepoteza watu sita kwa sababu ya saa tu. Mpelekee kocha jambo hilo kwa adabu, mkiwa wawili, naye aamue kama mazoezi yanaweza kuhamia Jumamosi alfajiri. Na wale tisa waliokuja, wasisikie kutoka kwako hata neno moja la lawama kuhusu wasiokuja. Nimeona viongozi wengi, kazini na kanisani pia, wakiwakaripia waliohudhuria kwa makosa ya waliobaki nyumbani, na mkutano unaofuata viti vinapungua tena.

Sasa nije kwenye lile uliloniuliza hasa, la kuwatia moyo. Imani yangu ni kwamba mchezaji wa timu inayofungwa anavunjwa na kuona jitihada yake haihesabiwi popote. Anakimbia dakika tisini, anafungwa tatu bila, na jedwali linaandika sifuri, sawasawa na mwenzake aliyetembea. Akiona hivyo mara saba, hata mwenye roho ngumu huanza kutembea. Kazi ya nahodha ni kutafuta kitu kingine cha kuhesabu mpaka jedwali lenyewe likubali kubadilika.

Mfano wa karibu uko hapahapa jijini. Chama cha vijana cha Mathare, MYSA, kilichoanzishwa mwaka 1987, kiliweka utaratibu kwamba timu za watoto zinazojitolea kusafisha mtaa na kuzoa taka zipewe pointi katika ligi, pamoja na zile za uwanjani. Fikiria maana yake kwa mtoto aliyefungwa mabao matano Jumamosi. Bado kulikuwa na pointi ambazo hakuna mpinzani awezaye kumzuia asizipate, ilimradi yeye na wenzake wafike na majembe yao. Kutoka katika chama hicho ndiyo ikazaliwa Mathare United, na mwaka 2008 ikawa bingwa wa ligi kuu ya Kenya. Sisemi kuzoa taka ndiko kulikoleta kombe. Nasema watoto wale walizoea mapema kwamba kazi ya pamoja ina hesabu yake, hata siku goli linapokataa.

Wewe huwezi kugawa pointi za ligi, lakini unaweza kuhesabu mambo mengine. Umeniambia mabao mengi mnafungwa baada ya mapumziko. Basi shauriana na kocha mwekeane lengo moja dogo kwa mechi ijayo, kwa mfano kufika dakika ya sitini bila kufungwa, na msilizungumzie lingine lolote, wala ushindi. Kwa lengo hilo mabeki wabaki karibu karibu, viungo wasipande wote kwa pamoja, na kila kona ya wapinzani iwe na mtu aliyepewa wa kumkaba kwa jina. Mkifika dakika ya sitini, hata kama mtafungwa baadaye, waambie baada ya mechi kwamba walilolitafuta wamelipata, na umtaje beki fulani na mpira fulani aliouzuia. Mchezaji anatambua sifa ya kweli na ile ya kupakwa. Ukimwambia "ulicheza vizuri" atasahau kabla hajafika stendi, lakini ukimwambia "ule mpira ulioutoa kwa kichwa dakika ya thelathini, mimi nilikuwa nimeshapitwa," atalala nao.

Leicester City ya Uingereza unaikumbuka. Katika msimu wa 2014/15 walikuwa mkiani mwa jedwali zikiwa zimebaki mechi tisa, wakashinda saba na kunusurika. Msimu uliofuata alikuja kocha Claudio Ranieri, na timu ikawa inafunga lakini nayo inafungwa karibu kila wiki. Akawaahidi wachezaji piza siku watakayomaliza mechi bila kufungwa. Walipoifunga Crystal Palace bao moja kwa bila mnamo Oktoba 2015, akawapeleka, na huko wakaambiwa waikande piza wenyewe kwa mikono yao. Watu huisimulia habari hii kama mzaha wa mzee mchangamfu, lakini mimi naiona tofauti. Kutofungwa ni jambo ambalo kila mmoja anachangia, kuanzia kipa hadi straika, na hakuna anayeweza kujitwalia sifa yake peke yake. Mei 2016 walikuwa mabingwa.

Na ile mechi ya timu yetu ya taifa, Harambee Stars, na Moroko katika mashindano ya CHAN, Agosti 2025, ambayo sisi wawili tuliitazama Kasarani tukiwa tumesimama muda wote. Ryan Ogam wetu alikuwa ameshafunga, kisha kabla ya mapumziko mwenzake mmoja akaonyeshwa kadi nyekundu. Wewe ulikuwa ukitazama saa. Mimi nilikuwa nikitazama jinsi wale kumi waliobaki walivyogawana mbio za yule aliyetoka, washambuliaji wakishuka hadi kwenye boksi lao wenyewe, kila mtu akibeba kipande. Ile Moroko ndiyo iliyolitwaa kombe mwishowe, na siku ile ilifungwa bao moja kwa bila. Nilimfikiria yule kijana aliyetolewa, jinsi alivyosikia filimbi ya mwisho. Wenzake walikuwa wamemlipia deni lake uwanjani, na ndicho kitu ambacho mimi nilishindwa kumfanyia kipa wangu.

Sitakuficha kwamba haya yote yanaweza kufanyika na bado mkashuka daraja. Siku kumi na mbili baada ya kuifunga Moroko, vijana walewale walitolewa na Madagascar kwa penalti. Sisi wa Gor Mahia tulichukua ligi mwaka 1995, kisha tukaingoja hadi 2013, na katika miaka hiyo kumi na minane walipita manahodha waliojitolea kweli ambao hawakuwahi kulishika kombe hilo wakiwa na jezi ya kijani. Sijawahi kuwahesabu kuwa walishindwa kazi yao.

Kuhusu kitambaa, usikirudishe kwa sababu ya kufungwa. Matokeo ni ya wachezaji wote na kocha, na ukijivua unahodha kwa sababu hiyo utakuwa umewaambia wenzako kwamba meli inazama. Iko sababu moja tu ambayo ningeikubali, nayo ni ukigundua, baada ya kuwatembelea na kuwasikiliza, kwamba wanakuogopa na umeshindwa kulibadilisha hilo. Hapo mwambie kocha ukweli, ukakivue, na ubaki ukicheza namba yako kwa nguvu zote chini ya nahodha mpya. Lakini sidhani umefika hapo. Mtu aliyefika hapo hamuulizi baba yake swali lile huku sauti ikimkauka.

Nenda kwa kipa kabla ya Alhamisi. Nimekutumia kwa simu pesa kidogo, si zako. Ni nauli ya yeyote utakayegundua anatembea kwa miguu, na usimwambie zimetoka wapi. Jumapili nitapanda matatu mapema nije Kangemi na koti lako. Nitasimama nyuma ya goli la kipa wenu, na kama atakuwa hajarudi, nitasimama hapohapo nyuma ya yeyote atakayekuwa amezivaa glavu.

Ni mimi,
Baba yako